Mguu wa Kushoto Hauna Pa Kukaa: Dalili, Sababu na Tiba ya Kikanyagio na Mkao wa Dereva

Gari nyingi zinazotembea Unguja na Pemba zimeshuka bandarini zikiwa zimekwisha kutumika Japani, na nyingi kati yake ni za otomatiki. Ndani ya gari hizo mguu wa kulia una kazi mbili, mafuta na breki. Wa kushoto hauna hata moja, na hapo ndipo tabu inapoanzia. Mguu uliokosa kazi haupumziki, hutafuta pa kukanyaga. Ukipakosa, paja hukaza, kiuno hupinda upande, na dereva huanza kujigeuzageuza kitini kabla hajafika Mahonda.

Kikanyagio kinachozungumzwa hapa ni kile kibao kilichokaa mshazari kushoto kabisa, kando ya pedeli. Hakisogei wala hakikuunganishwa na kitu. Kazi yake ni kuubeba mguu wa kushoto na, inapobidi, kuupa mwili mahali pa kujisukumia. Baadhi ya gari huja nacho cha plastiki kutoka kiwandani. Nyengine, hasa matoleo ya bei ya chini, zina zulia tupu.

Fundi akiletewa lalamiko la mguu, mara nyingi mkono wake huenda moja kwa moja kwenye drili. Ndiyo sababu vikanyagio vingi vimefungwa pasipo pake: vilipimwa na dereva aliyekaa vibaya. Kiti kikija kuwekwa sawa, kibao kinakuwa mbali mno au karibu mno, na sakafu imeshatobolewa. Anza na kiti, kisha soma dalili, halafu ndipo ushike drili.

KITI KABLA YA KIPIMO CHOCHOTE

Simamisha gari pahala tambarare. Toa pochi na simu mfuko wa nyuma. Vaa viatu unavyoendeshea kila siku, maana soli nene hubadilisha vipimo kwa sentimita 2 au zaidi. Jisukume nyuma mpaka makalio yaguse ile pembe ambapo kitako cha kiti kinakutana na egemeo la mgongo. Mtu akiacha nafasi hapo, kila kipimo kitakachofuata ni cha uongo.

Sasa umbali. Gari ya gea ya mkono: kanyaga klachi mpaka mwisho kwa unyayo, si kwa ncha za vidole, na goti libaki limekunjika kidogo. Otomatiki: tumia breki. Lakini injini ikizimwa na breki ikakanyagwa mara mbili tatu, pedeli huwa ngumu na haishuki kina chake cha kawaida, kwa sababu msaada wa vakyumu umekwisha. Kwa hiyo weka gea kwenye P, vuta hendibreki, washa injini, kanyaga breki kwa nguvu kama unayemkwepa mtoto, ndipo uangalie goti. Goti lililonyooka kabisa halina nguvu ya kumalizia breki, na gari ikigonga, kishindo hupanda moja kwa moja hadi nyonga.

Urefu wa kiti: kati ya kichwa na paa ipite ngumi moja. Kati ya ukingo wa kitako cha kiti na nyuma ya goti vipite vidole viwili. Egemeo la mgongo liinue mpaka, ukinyoosha mikono, vifundo vya mikono vilale juu ya usukani huku mabega bado yameegemea. Ukikamata usukani pembeni, kushoto na kulia mkabala, viwiko vitakuwa vimekunjika vizuri. Kifua kikae sentimita 25 au zaidi kutoka kitovu cha usukani. Eabegi hufumuka kwa nguvu kubwa, na mtu aliyeukumbatia usukani hupokea pigo lote. Egemeo la kichwa lifike sawa na utosi na liwe karibu na kisogo. Watu wengi huliacha chini shingoni, na huko linaumiza badala ya kulinda. Mkanda upite juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Vioo vya pembeni na cha ndani virekebishwe mwisho, kwa kuwa kila ukisogeza kiti navyo vinapotea.

Ukishakaa hivyo, fumba macho na uache mguu wa kushoto uanguke wenyewe mbele ya kiti. Pale kisigino kilipotua, tia alama ya chaki. Alama hiyo utaihitaji baadaye.

PAJA AU KALIO LA KUSHOTO LINAKUFA GANZI

Hili ndilo lalamiko kubwa la wanaokwenda safari za Mjini–Nungwi au Mjini–Makunduchi kila siku. Sababu ni tatu, na tiba zake hazifanani.

Ya kwanza ni mguu unaoning'inia. Unyayo haukupata pa kuegemea, kisigino kimeteleza mbele, na uzito wa paja unabebwa na ukingo wa kiti. Ukingo huo unabana nyuma ya paja, na ganzi huanzia hapo kushuka chini. Kikanyagio kitaiondoa shida hii.

Ya pili ni sponji iliyobonyea. Katika gari zetu za usukani wa kulia, dereva huingia na kutoka akiburura paja juu ya ukingo wa kulia wa kiti, na upande huo hufa mwanzo. Nyonga inalalia kulia, mguu wa kushoto unavutwa juu, na mtu anadhani amekosa kikanyagio. Bonyeza kitako cha kiti kwa kiganja, kulia halafu kushoto. Ikiwa upande mmoja unazama waziwazi kuliko mwengine, mpelekee fundi wa viti ajaze sponji ngumu chini ya kitambaa. Kuweka mto wa nyumbani juu ya kiti si dawa: unateleza, na ukifunga breki ghafla mwili hupita chini ya mkanda.

Ya tatu ni pochi au funguo mfukoni, ambayo haina gharama yoyote kuitibu.

Ili kujua ni ipi, kaa kitini gari ikiwa imesimama, injini imezimwa, uegemeze mguu kwenye kipande cha mbao ngumu kilichokatwa mshazari, dakika 20. Ganzi isipokuja, kikanyagio kinahitajika. Ikija vilevile, shida imo kitini. Jaribio hili lisifanywe gari ikitembea hata kwa mwendo wa baiskeli. Mbao iliyolegea sakafuni ikiviringika chini ya pedeli ya breki, breki haitashuka.

MWILI UNAKWENDA MRAMA KWENYE KONA

Anayeendesha Pemba anaijua hali hii kuliko wa Unguja. Barabara zake hupanda na kushuka vilima na kujipinda, na kila kona humsukuma dereva kando. Asipokuwa na pa kukanyaga kwa mguu wa kushoto, anajishikilia kwa usukani. Dalili yake ni mikono na mabega kuchoka mapema, na gari kuyumba kidogo katikati ya kona, kwa sababu mkono unaoshikilia mwili hauwezi wakati uleule kuongoza gari kwa utulivu.

Kikanyagio imara hutatua hili: unasukuma kidogo kwa unyayo, mgongo unabanwa kwenye kiti, mikono inabaki na kazi ya usukani tu. Ila angalia mifuniko ya viti kwanza. Ile ya nailoni inayong'aa, na plastiki ya kiwandani ambayo wengine hawaiondoi, huteleza kiasi kwamba hata kikanyagio kizuri hakisaidii.

KLACHI INANUKA, AU INALIA UKIIGUSA

Gari za gea ya mkono, kirikuu (pikapu ndogo za mizigo) na daladala nyingi zikiwamo. Dereva asiye na kikanyagio huuweka mguu juu ya pedeli ya klachi. Yeye anaona hajakanyaga. Lakini uzito wa mguu peke yake hutosha kumaliza ule uchezaji mdogo wa pedeli, na beringi ya klachi inagusa vidole vya presha, yaani bamba linaloibana sahani ya klachi, na kuzunguka nayo muda wote. Baada ya miezi inaanza kulia. Presha nayo haibani sawasawa, sahani inateleza, injini inanguruma na gari haipandi. Msimu wa karafuu, kirikuu iliyosheheni magunia ikipanda kilima namna hiyo, harufu ya kuungua huingia mpaka ndani.

Tofautisha hivi: klachi ikilia pale unapoigusa tu na ikanyamaza ukiiachia, beringi imekwisha. Ikiteleza hata mguu ukiwa mbali, sahani imekwisha au uchezaji wa pedeli umepotea. Uchezaji huo kwa kawaida ni milimita chache mpaka kama 15 ukipimwa juu ya pedeli, na kipimo halisi kimo kwenye kitabu cha gari. Kikanyagio hakitafufua klachi iliyokufa. Kitailinda mpya, na kwa bei ya klachi na siku za gari kulala gereji, ni bora kukifunga wakati huohuo klachi inapobadilishwa.

Kushikilia gari kilimani kwa klachi badala ya hendibreki ni kosa jengine kabisa, na kikanyagio hakiliondoi.

KIGIMBI AU UGOKO UNAUMA, NA KIKANYAGIO KIPO

Hapa ni suala la mlalo wa kibao. Kibao kilichosimama sana hukunja vidole kuelekea ugoko, na kigimbi kinavutwa. Maumivu huwa nyuma ya mguu. Kibao kilicholala sana hubeba kisigino tu, sehemu ya mbele ya unyayo inaning'inia, na msuli wa ugoko unachoka kuishikilia. Mlalo unaofaa wengi ni kati ya nyuzi 45 na 60 kutoka sakafuni, lakini usiuchukue kama sheria. Kinachotakiwa ni kifundo cha mguu kiwe na pembe ya nyuzi 90 au zaidi kidogo bila kukaza msuli wowote. Kabari ya mbao ya mm 10 chini ya ukingo wa juu au wa chini mara nyingi yatosha kurekebisha.

GOTI LA KUSHOTO LINAGONGA PEMBENI

Katika gari ya usukani wa kulia, tairi la mbele la kulia linakula nafasi ya miguu, na pedeli zote husukumwa kidogo kushoto. Nafasi ya mguu wa kushoto, baina ya klachi na ule mgongo wa katikati ya sakafu, inabaki finyu. Maelezo yaliyoandikwa kwa gari za usukani wa kushoto hayatufai hapa: huko kikanyagio huegemea kifuniko cha tairi, kwetu kinaegemea mgongo wa katikati, na ndani ya mgongo huo mara nyingi mna bomba la moshi na nyaya za gea.

Usiupate upana kwa kusogeza kibao karibu na klachi. Kipunguze kibao kiwe na upana wa sentimita 6 au 7, na bandika sponji nyembamba pale goti linapogusa.

KUPIMA NA KUFUNGA

Kabla ya kununua kitu, inua mkeka wa mpira, halafu fungua zulia kwenye pembe ya kushoto. Matoleo ya chini na ya juu ya gari moja mara nyingi yana sakafu ileile, na hukuta nyuzi za bolti zimeshaunganishwa kwenye bati au matundu ya klipu yakisubiri kikanyagio ambacho gari yako haikupewa. Kama yapo, tafuta kikanyagio cha asili kutoka gari ya aina hiyohiyo iliyokatwa, ukitaja namba ya chesisi na kwamba ni ya usukani wa kulia. Kinafungwa kwa spana ya 10 au kubanwa kwa klipu, dakika kumi, bila tundu hata moja. Ukikipata hicho, yote yanayofuata kuhusu drili yaache.

Kisipopatikana, tengeneza. Kata umbo kwa katoni ngumu, liweke pale penye alama ya chaki, kaa, uliguse kwa unyayo, punguza, rudia. Likishakubali, hamishia kwenye plaiwudi ya mm 18 na upime tena. Bati lenyewe liwe alumini ya vipele ya mm 3, au chuma cha mm 2 kilichopakwa rangi. Kwa mtu wa kimo cha kati urefu wa sentimita 25 hadi 28 na upana wa 8 hadi 9 hufaa.

Kina cha kibao ndicho kinachokosewa zaidi. Uso wake ukae sawa na uso wa pedeli ya klachi ikiwa haijakanyagwa, au ndani zaidi kwa milimita chache. Kwenye otomatiki linganisha na breki. Hapo mguu unahama kando tu, bila kunyanyuka. Kikiwa nje sana, goti linapanda na mguu unagonga ukingo unapokimbilia klachi. Kikiwa ndani sana, nyonga ya kushoto inafuata mguu na kiuno kinapinda, yaani umerudi ulikoanzia.

Baina ya ukingo wa kibao na klachi iwe sentimita 5 kwa viatu vyepesi, 7 kwa anayevaa buti. Pima klachi ikiwa juu, ikiwa katikati, na ikiwa chini kabisa, kwa kuwa pedeli huzunguka kwa upinde wala haishuki wima.

Gari zenye hendibreki ya mguu, kama Noah na Alphard nyingi, zinahitaji uangalifu wa peke yake. Pedeli hiyo imekaa palepale unapotaka kuweka kibao. Ikanyage mpaka ukomo wake: isiguse kibao wala bolti popote. Hendibreki iliyozuiwa robo ya safari yake itaonekana imeshika kwenye tambarare, halafu gari itashuka yenyewe mteremkoni Mkoani. Nafasi ikiwa haitoshi, weka kibao kifupi chini yake, au usiweke kabisa. Kukosa kikanyagio ni afadhali kuliko hendibreki isiyofika.

Kutoboa ni mwisho. Ondoa waya wa hasi wa betri. Kama utalazimika kugusa plagi za rangi ya manjano, subiri walau sekunde 90 baada ya kuondoa waya huo, kwa kuwa hizo ni za eabegi. Kisha ingia chini ya gari na tochi, uangalie upande wa pili wa kila tundu: mabomba ya breki, ya mafuta, bomba la moshi. Gari ya haibridi ina nyaya nene za rangi ya chungwa zenye umeme mkubwa wa kuua. Hapo usitoboe sakafu wala mgongo wa katikati. Tumia vishikizo vya asili tu.

Zulia usilitoboe kwa drili, linajiviringa kwenye ncha na kuvuta nyaya zilizo chini yake. Likate alama ya msalaba kwa kisu. Ncha ya drili ya mm 6.5 kwa bolti ya M6, na uizungushie tepu ukibakisha mm 10 ili isizame. Matundu matatu: mawili juu, moja chini. Skrubu za kujikata zenyewe zisitumike. Bati la sakafu ni jembamba kuliko milimita 1, nyuzi zake hukatika ukikanyaga kwa nguvu mara ya kwanza. Tumia bolti na nati yenye nailoni, na washa pana (kile kibati cha duara chenye tundu) ya kipenyo cha mm 25 hadi 30 upande wa chini. Pahala ambapo mkono haufiki chini, ribiti ya nati ya M6 ya chuma, yaani nati inayobanwa tunduni kutoka upande mmoja tu, hufaa, na yenyewe inataka tundu la mm 9.

Baina ya bati la sakafu na kikanyagio pana zulia na sponji. Bolti ikikazwa juu ya sponji, leo imekaza, wiki ijayo imelegea. Kata vipande vya bomba la chuma vyenye urefu sawa na unene wa zulia lililobanwa, uvipitishe kwenye bolti, ili chuma kikazwe juu ya chuma. Kazi hii ndogo ndiyo inayotenganisha kikanyagio cha miaka na cha miezi.

Kila tundu likwanguliwe ukali, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, likauke, kisha lizibwe. Silikoni inayonuka siki isitumike, huchochea kutu kwenye chuma kitupu. Chukua ya kuzibia bodi ya gari. Visiwani hewa ina chumvi, na alumini ikigusana na chuma penye unyevu huliwa haraka. Weka washa za mpira au plastiki baina yao.

Piga msasa pembe zote za kibao mpaka ziwe mviringo. Pindo la kanzu au buibui hunasa kwenye pembe kali, na nguo ikinasa, mguu haufiki klachi.

Kabla ya kutoka barabarani: injini imezimwa, sukuma kibao kwa nguvu zako zote, kisilie wala kisipinde. Kanyaga klachi mara 20, breki mara 20, hendibreki mara 5, ukiangalia kwa macho. Kisha kiwanja kitupu, mwendo mdogo, funga breki kwa nguvu huku mguu wa kushoto ukisukuma kibao. Makalio yabaki nyuma ya kiti.

KIMESHAFUNGWA, NA SASA KUNA TATIZO JIPYA

Kinalia au kinacheza. Ni vile vipande vya bomba: havikuwekwa, au ni vifupi kuliko vinavyotakiwa. Bolti yenyewe ikizunguka pamoja na nati, washa ya chini ni ndogo na bati limeanza kupanuka tundu.

Gea zinakwaruza tangu kifungwe. Klachi haifiki mwisho. Mara nyingi si kibao, ni zulia lililokunjamana nyuma ya pedeli liliporudishwa, au mkeka wa mpira uliopanda juu yake. Mkeka lazima ukatwe upya kufuata umbo la kibao na ushikwe kwa ndoano zake, na usiwe na mwengine juu yake.

Fyuzi inakatika, honi au taa zimekufa. Waya umetobolewa. Usiongeze ukubwa wa fyuzi, gari itaungua. Fungua zulia, fuata waya kutoka kwenye kila tundu.

Zulia ni bichi na gari inanuka uvundo. Ukiona hivyo baada ya mvua za masika, tundu halikuzibwa. Ukiona wakati wa jua kali na eya kondisheni ikitumika, chunguza mrija unaotoa maji yake, umeziba. Kibao kisilaumiwe bure.

KITI CHENYEWE KINAHAMA

Dereva anasema kikanyagio kimekuwa mbali, kumbe kiti kinarudi nyuma kidogokidogo. Gari zinazokwenda Paje, Jambiani na Nungwi hubeba mchanga, nao hujaa kwenye reli za kiti. Kufuli la upande mmoja linashika, la pili linabaki juu ya mchanga. Baada ya kurekebisha kiti, jisukume mbele na nyuma kwa nguvu. Ikisikika 'ka', halikuwa limeshika. Safisha reli kwa brashi kavu na hewa, kisha grisi nyembamba, siyo oili, kwani oili inakusanya mchanga zaidi. Taa ya eabegi ikiwaka baada ya usafi huo, plagi ya manjano chini ya kiti imelegea.

Kiti kinachoruka mbele wakati wa breki ni sababu ya kuiegesha gari siku hiyohiyo.

MFUPI, MREFU, NA VIATU

Mfupi akisogea mpaka afikie pedeli, kifua hukaribia eabegi. Inua kiti kwanza kama kina wenzo wa kuinulia, kisha laza kidogo egemeo la mgongo, kisha shusha usukani. Mara nyingi sentimita 25 zinapatikana. Zisipopatikana, fundi anayejua afunge vipande vya kuongeza unene wa pedeli kwa bolti, siyo kwa waya wala gundi, na kikanyagio kiongezwe unene uleule. Kikiachwa kama kilivyokuwa, mguu wa kushoto utakuwa chini ya wenzake.

Mrefu shida yake ni magoti kugonga usukani. Arudishe kiti, ainue usukani, na kibao kikae ndani zaidi. Asilaze mgongo wa kiti ili apate nafasi ya miguu. Huko ndiko maumivu ya shingo yanakotoka.

Ndara hazifai kuendeshea. Kisigino chake huachia mguu, ncha hujipinda chini ya breki, na juu ya alumini iliyolowa maji ya bahari soli yake huteleza kabisa. Makubadhi yenye kamba ya nyuma yanafaa zaidi. Kama gari ni ya kukodisha na wageni huingia wametoka pwani, bandika kipande cha mpira mkavu wenye mistari juu ya kibao badala ya kutegemea vipele vya alumini.

Kaza bolti tena baada ya wiki moja ya kutembea juu ya matuta, mara nyengine baada ya mwezi. Kabla ya masika na kabla ya vuli inua zulia, pitisha kidole kuzunguka kila tundu. Kidole kikitoka na rangi ya udongo mwekundu, fungua, kwangua na upake upya siku hiyohiyo.